Paka wawili katika nyumba moja

Hapa Idjwi paka hafugwi kwa mapambo. Tunamfuga kwa ajili ya maharagi, mtama na mihogo mikavu. Mmoja akifanya kazi vizuri, tunaleta wa pili, kisha tunashangaa magunia yanatobolewa vilevile. Tunasema paka wamekuwa wavivu. Mara nyingi si uvivu: hawapatani, na mmoja amemfungia mwenzake njia.

Ugomvi wa paka hauanzi kwa makelele. Angalia macho kwanza. Paka anayemkazia mwenzake macho bila kupepesa anamtisha, hata kama amekaa kimya. Mwingine analala mlangoni pa ghala, nawe unadhani amepumzika tu. Tazama mwenzake. Akifika pale akasimama, akageuza kichwa pembeni, akarudi alikotoka, basi umeuona ugomvi wenyewe. Huyo aliyerudi atashinda juu ya dari, atakula haraka haraka au atangoja mwenziwe aondoke, na pengine atakojolea ukuta au gunia. Tusimpige kwa hilo. Fimbo inamwongezea woga, na woga ndio unaomfanya akojoe ovyo.

Watoto huuliza: wanacheza au wanapigana? Wakicheza hawalii, kucha wanazificha, na wanapokezana. Huyu akiwa chini sasa, baadaye atakuwa juu. Wakipigana, masikio yanalala nyuma, manyoya yanasimama, na mara nyingi ni yuleyule anayekimbizwa.

Chanzo kimoja kikubwa ni sahani. Paka huwinda peke yake na kula peke yake. Ukiwawekea sambaza kwenye sahani moja, umewaita kwenye vita. Weka sahani mbili, mahali pawili pasipoonana. Kila mmoja apate pa kulala, pa juu ikiwezekana. Kikapo cha zamani kinatosha. Paka mgeni akae kwanza siku kadhaa katika chumba chake. Chukua kitambaa alicholalia, ukiweke karibu na mwenyeji, ili azoee harufu kabla ya kuonana. Madume mawili yana shida zaidi, hasa jike la jirani likiwa linalia usiku.

Wakishikana, mtu asiingize mkono katikati, na watoto waambiwe hivyo mapema. Piga sufuria, au watupie kitenge cha zamani.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni tundu dogo. Meno ya paka ni membamba, yanaingia ndani sana. Usipake majivu wala majani. Paka naye anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Chanjo inasaidia ikitolewa mapema. Kwa hiyo paka mpole akibadilika ghafla na kushambulia kila mtu, usiseme ni wivu wa paka mgeni. Mfungie ndani bila kumshika, umwite mganga wa mifugo.