Mjusi Kafiri Hana Sumu. Sumu ni Ile Anayowekewa

Jua likishazama na taa ya barazani ikawashwa, hazipiti dakika nyingi kabla mjusi kafiri hajachomoza kichwa nyuma ya mita ya stima. Hutulia karibu na balbu kama aliyebandikwa ukutani, kisha humrukia kumbikumbi mmoja na kurudi alikotoka. Kutoka Mtwapa hadi Marereni, na upande wa bara kuanzia Mariakani mpaka Ganze, ni nadra kupata nyumba isiyo naye, iwe ya mawe, ya udongo au iliyoezekwa makuti. Ni nadra pia kupata nyumba isiyo na angalau mtu mmoja anayemwogopa.

Woga wenyewe si kosa. Tatizo ni yale yanayofanywa kwa sababu yake. Wapo wanaopuliza jikoni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea shambani. Wapo wanaomwaga unga wa sumu ya panya nyuma ya kabati, na wengine hutawanya vidonge vya naftalini kila pembe ya chumba. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, hatari huwa imehamishwa kutoka ukutani, ambako haikuwepo, hadi sakafuni, ambako mtoto yupo.

Ni mjusi yupi?

Watu husema "mjusi" wakimaanisha viumbe kadhaa tofauti. Mjusi kafiri ni yule wa usiku, mwenye rangi ya kijivu au maziwa na ngozi inayokaribia kuonyesha kilichomo tumboni. Hana kope, kwa hiyo husafisha macho yake kwa kuyalamba. Mchana hujificha nyufani, nyuma ya picha na mapazia, au ndani ya makuti.

Mchana kuna zamu nyingine. Kwenye minazi na kuta za nje hupanda mjusi mdogo mwenye kichwa cha manjano na mwili wa kijivu, ambaye ni ndugu wa karibu wa mjusi kafiri ingawa yeye hupenda jua. Chini, kwenye vizingiti na rundo la mawe, hupita mijusi wenye ngozi inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, wengine wakiwa na mistari miwili mgongoni. Na juu ya majabali kuna yule mkubwa kidogo, dume lake likiwa na kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu, ambaye hutingisha kichwa mtu akimkaribia. Kutingisha huko ni namna yake ya kutangaza mipaka kwa madume wenzake na kuwavutia majike. Hamtukani mtu wala hamrogi.

Kati ya hao wote hakuna mwenye sumu. Mjusi kafiri mkubwa akishikwa anaweza kuuma, lakini meno yake ni madogo mno na mara nyingi hayapiti ngozi. Kunawa kwa sabuni na maji kunatosha.

Jina "kafiri" limetokana na simulizi ya zamani ya mjusi aliyeupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka. Hilo ni jambo la imani, na kila mkazi ana pa kuuliza. Ila si Pwani tu ambako mnyama huyu ana jina baya. Aina iliyozoeleka zaidi katika nyumba zetu asili yake ni Afrika, lakini ilivuka bahari zamani hadi Amerika na visiwa vya Karibea, na ni huko ndiko wanasayansi walikoipa jina la kitaalamu mwaka 1818. Jina hilo, mabouia, limetoka kwenye neno la wenyeji wa visiwa hivyo lenye maana ya pepo mbaya. Upande wetu nao umepokea mgeni: mjusi kafiri wa asili ya Asia, aliyefika kwa vyombo vya baharini na sasa anaishi katika miji ya Pwani.

Lengelenge la asubuhi

Malalamiko yanayosikika sana ni ya mtu aliyeamka na mstari wa malengelenge shingoni au mkononi, akaambiwa kwamba mjusi amemkojolea usiku. Mara nyingi mhusika ni mwingine kabisa. Ni mdudu mwembamba mwenye mikanda ya rangi nyekundu na nyeusi, anayeitwa Nairobi fly nchini kote, ambaye hujitokeza kwa wingi nyakati za mvua na hufuata taa. Haumi. Mwilini mwake mna maji makali, na mtu akimponda juu ya ngozi maji hayo huunguza, maumivu yakianza baada ya saa kadhaa. Dawa yake ya kwanza ni kumpeperusha bila kumponda, kisha kuosha mahali alipogusa kwa sabuni na maji mengi. Mjusi hulaumiwa kwa kuwa ndiye aliyeonekana ukutani mtu akifumbua macho.

Wengine huamini kwamba miguu ya mjusi ina ute unaonata na kuacha ugonjwa. Miguu hiyo ni mikavu. Chini ya vidole kuna mamilioni ya vinywele vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila kimoja hushikana na ukuta kwa ule mvuto mdogo sana uliopo kati ya vitu viwili vinapogusana kabisa. Mvuto wa kinywele kimoja ni hafifu, lakini ukijumlishwa unamwezesha mjusi kutembea darini miguu juu. Hakuna gundi, na kwa hiyo hakuna kinachobaki juu ya ngozi ya mtu aliyeangukiwa.

Mkia unaofurukuta peke yake sakafuni nao umewatia watu hofu bure. Mjusi huuachia kwa makusudi ili adui ashughulike nao naye apate kukimbia. Huota mwingine, ingawa wa pili huwa na gegedu badala ya mifupa, na mara nyingi hutofautiana kidogo kwa rangi. Kuukata mkia kwa ufagio ni kumpotezea akiba ya mafuta aliyojiwekea kwa siku za njaa.

Hatari ya kweli iko kwenye kinyesi

Kusema mjusi hana sumu si kusema ni msafi. Mijusi wengi hubeba tumboni bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua, na bakteria hao hutoka na kinyesi. Tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa, Nigeria ikiwa mojawapo, ziliwapata bakteria hao kwa mijusi wa ukutani. Kwa mtu mzima mwenye afya, salmonela huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Kwa mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili, ugonjwa unaweza kuwa mzito na hata kuingia kwenye damu.

Hapo ndipo ukweli ulipo katika masimulizi ya familia iliyougua kwa sababu mjusi alitumbukia chunguni. Hakutoa sumu, alileta vijidudu. Kuchemsha vizuri huviua, lakini chakula ambacho tayari kimepoa na kikaangukiwa na mjusi au kinyesi chake kinafaa kumwagwa, hata kama ni wali wa nazi wa sherehe na mwenye nyumba anaumia moyoni.

Kinyesi cha mjusi kinatambulika kwa urahisi: ni kipande cheusi chenye ncha nyeupe. Kisikwanguliwe kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake hutawanyika. Kinalowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni, kinafutwa kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa, kisha mahali hapo panafutwa kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa kama maelezo ya chupa yanavyosema. Mikono inanawiwa baadaye. Watoto wanaopenda kushika mijusi nao wanawe, hasa kabla ya kugusa chakula.

Sufuria na vyombo vilivyooshwa vifunikwe au vipinduliwe. Mitungi na madumu ya maji ya kunywa yawe na vifuniko vinavyokaza. Wanaokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati wanakumbushwa kwamba paa ni njia ya mijusi, popo na ndege kila usiku: maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, mdomo wa tangi uzibwe kwa wavu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Mtoto akianza kuhara, apewe ORS mapema pamoja na tembe za zinki, ambazo hupatikana katika zahanati, na aliyekuwa ananyonya aendelee kunyonya. Kuhara damu, macho kudidimia, kulegea au kushindwa kunywa ni dalili za kumpeleka hospitali mara moja.

Dawa isiyo na jina

Yule muuzaji wa kituo cha matatu mwenye vifuko vidogo vya unga au chupa iliyojazwa upya ana wateja wengi, kwa sababu dawa yake "inamaliza kila kitu". Hilo ndilo la kuogopesha. Dawa za kuua wadudu zinazouzwa Kenya zinatakiwa ziwe zimesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na kibandiko chake kieleze ni sumu gani, inatumikaje na mtu akiimeza afanyiwe nini. Kifuko kisicho na maandishi hakimwambii daktari chochote usiku wa manane.

Baadhi ya sumu hizo hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mate na machozi mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Aliyeimeza asitapishwe kwa nguvu wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Nguo zenye sumu zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, na apelekwe hospitali bila kuchelewa pamoja na kifuko au chupa aliyoitumia, hata kama haina jina.

Naftalini inaonekana ya upole kwa sababu imezoeleka kabatini. Kwa watoto inafanana na peremende. Tena hapa Pwani kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, upungufu unaopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria. Mtoto mwenye upungufu huo akimeza naftalini, au hata akivalishwa nguo zilizokaa nayo kwa muda mrefu, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka. Mkojo hugeuka rangi ya kahawa, macho huwa ya manjano naye hulegea. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi asisahau kuitaja naftalini, maana dalili zake zinaweza kudhaniwa kuwa ni za ugonjwa mwingine.

Kumpunguza bila kuua mtu

Mjusi hukaa palipo na chakula na pa kujificha. Chakula chake huletwa na taa. Balbu ya nje yenye mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko ile nyeupe, na taa ikisogezwa mbali na mlango, wadudu hukusanyika huko na mijusi huwafuata. Makombo yakifagiliwa kabla ya kulala, mende hupungua, na mende ni mlo mkubwa wa mijusi. Wavu wa madirishani, tambara chini ya mlango, na saruji kidogo kwenye matundu ya mabomba hufanya kazi kuliko dawa yoyote. Maganda ya mayai na vitunguu saumu vinavyotundikwa ukutani havina madhara, ila haviwezi kuziba ufa.

Mayai yake huwa mawili mawili, meupe, ya duara na magumu, nyuma ya kabati au ndani ya nyufa. Yanaweza kuondolewa mtu akifagia. Mjusi mwenyewe hukamatwa kwa kopo la mdomo mpana: linamfunika ukutani, kadi ngumu inapitishwa taratibu chini yake, kisha anaachiliwa nje mbali na mlango. Aliyeingia kwenye soketi au kisanduku cha stima asichokolewe kamwe kwa kijiti au waya. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu na aitwe fundi mwenye leseni.

Nyumba za makuti ni kesi ya peke yake, kwa sababu paa lake haliwezi kuzibwa lote. Humo mijusi watakuwepo, na mara chache nyoka wanaowala watawafuata. Kinachosaidia ni kukata matawi yanayogusa paa, kuondoa rundo la kuni na makumbi karibu na ukuta, na kutandaza dari ya mikeka au turubai juu ya mahali pa kupikia na pa kulala.

Anayewavumilia hupata faida kidogo: hula nondo, kumbikumbi, buibui, mende wadogo na mbu pia. Lakini hawali mbu wa kutosha kuzuia malaria, kwa hiyo chandarua chenye dawa kibaki kimefungwa kila usiku, hata kama ukuta mzima una mijusi. Mkazi asiyejua ni dawa gani ameuziwa, au anayeona nyumba yake imezidiwa na wadudu, anaweza kumuuliza afisa wa afya ya umma wa wadi yake au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji, kabla ya kufungua kifuko hicho.