Maziwa Hupimwa, na Programu za Simu Je?

Mfugaji wa Runyenjes, mji ulioko kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, akifikisha maziwa yake kwa mnunuzi hayamiminwi papo hapo. Karani huyapima kwanza, kwani yote huishia katika mtungi mmoja. Yakishachanganyika, maziwa mabovu ya mmoja huwa hasara ya wote.

Sasa itazame simu iliyo mfukoni mwako. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha. Malipo ya mazao, karo ya shule na akiba ya chama hupitia humo. Simu hiyo hiyo hupokea programu zilizoandikwa na watu usiowajua, katika nchi usizowahi kufika. Je, nani huzipima kabla hazijamiminwa?

Jibu lina asili yake katika hisabati. Mnamo 1908 Mwingereza Bertrand Russell alichapisha nadharia ya aina: kila kitu kiwe na aina yake, na kauli inayochanganya aina isivyofaa ikataliwe. Mwaka wa 1978 Robin Milner, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alieleza jinsi kompyuta yenyewe inavyoweza kukagua aina zilizomo katika programu kabla haijaanza kazi.

Chukua mfano. Salio lako ni shilingi 500. Nambari ya simu ya shangazi yako nayo imeandikwa kwa tarakimu. Mashine isiyojali aina yaweza kujumlisha hizo mbili bila kusita! Inayojali aina hukataa: hii ni fedha, ile ni nambari ya kumpigia mtu. Wezi wa kompyuta hupenyea mara nyingi mahali kama hapo, kwa kuifanya mashine ichukue kitu cha aina moja kana kwamba ni cha nyingine.

Lakini simu ni ndogo na betri yake huisha haraka. Itafanyaje ukaguzi mkubwa? Katika 1996 na 1997, George Necula na Peter Lee wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipendekeza kwamba mwenye programu ndiye ailete pamoja na uthibitisho wa kihisabati. Kazi ya simu ni kuuhakiki tu. Jaribu kutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa huleta 8,633; utatoka jasho. Ukiambiwa ni 89 na 97, utahakiki kwa dakika moja.

Wazo hilo ndilo lililounganisha vyuo vikuu vya Ulaya katika mradi ulioitwa Mobius, kuanzia 2005 hadi 2009, chini ya uratibu wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa. Edinburgh, Zurich na Munich zilishiriki. Walishughulikia hasa simu zilizotumia programu za Java. Walichunguza pia jinsi ya kufuata mkondo wa habari: nambari yako ya siri ikiwekwa katika aina ya “siri”, programu inayojaribu kuipeleka mahali pa “hadharani” hukataliwa kabla ya kuanza.

Hadi leo simu za Android hukagua aina za vitu katika programu. Hata hivyo, msomaji, ukaguzi huo una mipaka. Programu iliyoandikwa kwa usahihi yaweza kukuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, nawe ukakubali bila kufikiri. Na tapeli akikupigia akijifanya mhudumu, ukamtajia nambari yako ya siri, hakuna nadharia itakayokuokoa.

Kwa hivyo, chukua programu kutoka duka rasmi la simu yako pekee. Soma ruhusa inazoomba: tochi inataka majina ya jamaa zako ya nini? Nawe mwanafunzi unayeuliza hisabati itakufaa nini, kumbuka kwamba sehemu ya ulinzi wa fedha za mama yako huko kijijini ilianzia kwenye karatasi ya mwanahisabati.