Hadubini Yaunganishwa na Kompyuta

Mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mtoto mwenye homa hutolewa tone la damu, na mara nyingi kauli ya hadubini ndiyo inayoamua dawa. Hadubini ikifungwa kamera na kuunganishwa na kompyuta, mafundi wawili waweza kutazama kimelea kimoja kwa pamoja. Jambo hili twaliona jema, ila lina mitego yake.

Meza iwe imara. Mji huu ulitikiswa siku kadhaa baada ya mlipuko wa Nyiragongo, Mei 22, 2021. Kisha picha ipatikane kwanza katika hadubini yenyewe: lenzi ya mara 100, tone la mafuta, mwanga wa kutosha. Kompyuta haiponyi picha iliyokwisha kuharibika. Isipoiona kamera, waya uhamishiwe tundu jingine, halafu programu ichunguzwe. Pengine imechagua kamera ya kompyuta, na fundi ajikuta akitazama uso wake mwenyewe!

Lakini tunaloliogopa zaidi ni vumbi, kwani doa dogo laweza kudhaniwa kimelea. Fundi na akisogeze kidogo kioo chenye damu. Doa likibaki pale pale, limo katika lenzi au kamera, wala si katika damu ya mtoto.