AKILI YA MTU HAIPIMWI KWA PROGRAMU YA INTANETI

Siku hizi kuna maneno yanazunguka katika kalasi zetu. Wanafunzi wenye kufungua intaneti kwa Chrome wanachekelea wenzao wenye kutumia Opera Mini. Wanasema: «Ile ni ya watu wasiojua kitu.» Juu ya maneno hayo wadogo wetu wamoja wanaficha telefone zao wakati wa kusoma kwa kikundi, hata maulizo hawaulizi tena. Kwa hiyo nataka kueleza jambo hili.

Maneno ya namna hii si mapya. Mwisho wa mwezi wa 7, mwaka 2011, habari moja ilienea dunia nzima. Kompani iliyojiita AptiQuant, ya Kanada, ilisema imepima akili ya watu zaidi ya 100.000, na kwamba wenye kutumia Internet Explorer walikuwa nyuma ya wengine. BBC na CNN walitangaza. Watu wengi walicheka na kuamini.

Lakini wasomaji wengine walichunguza. Waliona kwamba picha za wafanyakazi zilikopiwa kwa kompani ingine ya Ufaransa. Ndipo mtu mmoja wa Vancouver akakubali: kompani haikuwako, wala hakuna aliyepimwa. Alichoka kutengeneza kurasa kwa ajili ya Internet Explorer ya zamani, akatunga uongo ule.

Juu ya nini watu waliamini upesi? Kwa sababu kila mtu anapenda kusikia kwamba anapita mwenzake kwa akili.

Na tazameni tena. Katika orodha ile ya uongo, wenye kutumia Opera waliwekwa kati ya wa kwanza. Hapa Kalemie, Opera Mini, ya kompani ileile, inachekelewa! Basi hicho ni kipimo gani?

Ukweli ni huu. Kwanza, wengi hawachagui. Internet Explorer ilikuja ndani ya Windows. Mfanyakazi wa biro alitumia ile aliyoikuta. Pili, kuna mfuko. Opera Mini, iliyoanza mwaka 2005, inapitisha ukurasa kwanza kwa masini kubwa za kompani. Zile zinaupunguza, ndipo unafika kwa telefone ukiwa mwepesi, na mega haziishi upesi. Mwanafunzi mwenye kununua mega kwa franga za kuuzisha ndagala, akichagua hiyo, amefanya hesabu vizuri. Mtu akienda Moba kwa boti ya mbao hatusemi ni mjinga. Tunajua ni bei.

Basi, wakubwa wa mwaka wa sita, tuwe mfano. Mdogo akileta telefone yake ndogo kwa kikundi, tusome pamoja jibu aliloliona, na tupime jibu lenyewe kama ni la kweli.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6