Supu ya Soseji Pikia Nyumbani, Magadi Acha Sokoni

Ukipita asubuhi katika barabara kuu ya Arusha na Moshi, hapa Kikatiti utaona watu wameketi kwenye mabenchi ya hoteli wakinywa supu. Wapo madereva, wachuuzi na wakulima walioleta ndizi sokoni. Supu ya utumbo na supu ya makongoro tunazijua sote. Leo nitaeleza supu nyingine, ambayo hupikwa kwa soseji, viazi mviringo na sukuma wiki. Wakulima wa nchi ya Ureno wameipika kwa miaka mingi. Katika hoteli za Marekani huongezwa maziwa mazito, ikawa tamu zaidi. Vitu vyote hivyo sisi tunavyo. Viazi na sukuma wiki vinalimwa mlimani kwetu, na maziwa yapo.

Mama mmoja aliionja supu hii mjini kwenye harusi. Akarudi nyumbani akajaribu kuipika. Siku moja alikuja zahanati na kijana wake wa miaka 9, akaniuliza kama kuna dawa ya meno ya kahawia. Kijana alikuwa akiziba mdomo kwa mkono kila akicheka. Tulipozungumza, mama alinieleza habari ya supu yake. Alisema, "Sukuma wiki ya hotelini ilikuwa laini sana. Yangu nikaitia magadi, na nikaichemsha kwa muda mrefu." Nikaona tuzungumze kwanza habari ya maji na magadi, kisha ndipo tupike.

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Mawe na majivu yake yana madini yanayoitwa floraidi. Maji yanapopita ndani ya mawe hayo huchukua floraidi. Ndiyo maana maji ya visima, mito na chemchemi nyingi za upande wetu, kuanzia Maji ya Chai na kuendelea, yana floraidi nyingi. Floraidi haionekani kwa macho. Haina harufu. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakawa nayo.

Floraidi kidogo haina ubaya, tena husaidia meno yasioze. Ikizidi, inaharibu. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Nchini kwetu, katika miaka ya 1970, maji ya vijijini yaliruhusiwa kufika miligramu 8, kwa sababu sehemu nyingine hapakuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, kama linavyosema Shirika la Afya Duniani.

Meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, tangu utoto mchanga hadi miaka 8 hivi. Yakisha kuota na alama za kahawia, alama hizo haziondoki kwa mswaki. Wako wanaosugua kwa mchanga au kwa jiwe. Wasifanye hivyo, maana wanamaliza jino lenyewe. Na wanaowacheka vijana wa Meru kwa meno yao wajue kwamba huo si uchafu.

Mifupa nayo huumia. Mtoto anayekunywa floraidi nyingi kwa muda mrefu anaweza kupinda miguu, ikawa kama upinde au magoti yakagongana. Mtu mzima anaweza kupata maumivu ya mgongo na viungo kukakamaa. Mtoto asiyepata maziwa na chakula bora huumia zaidi, kwa sababu mifupa yake imekosa madini ya chokaa.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hukosea. Tumefundishwa kuchemsha maji, na ni vizuri, maana kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Inayoondoka ni mvuke wa maji, na floraidi inabaki sufuriani. Chukua kalamu tufanye hesabu. Umetia lita 3 za maji yenye miligramu 6 kwa kila lita. Jumla ni miligramu 18. Umechemsha supu hadi zikabaki lita 2. Zile miligramu 18 bado zimo. Sasa kila lita ina miligramu 9. Kwa hiyo supu ya kuchemka saa nyingi, kwa maji ya kisima chenye floraidi, ni mbaya kuliko maji yenyewe.

Magadi ndiyo yanazidisha. Magadi hutoka kwenye maziwa na ardhi ya chumvichumvi ya nchi hii ya volkano, na mengi yana floraidi nyingi sana. Huwezi kuyajua kwa kuyatazama. Tunayatia kwenye makande, kwenye kiburu, kwenye mboga, ili chakula kiive haraka na kuni zisiishe. Naelewa sababu. Kuni ni ghali, na maharage makavu ni magumu. Lakini maharage yakilowekwa usiku kucha, na maji ya kulowekea yakamwagwa, huiva mapema bila magadi. Na kwa mboga za majani magadi hayana kazi kabisa. Yanaua vitamini, kisha yanaongeza floraidi. Sukuma wiki ya hotelini ni laini kwa sababu imechumwa changa na kukatwa nyembamba. Mama yule alishangaa kusikia hivyo, kwani alifikiri ni siri ya mpishi.

Haya, tupike. Supu hii itatosha watu 6.

Tafuta nyama nusu kilo, viazi mviringo kilo 1, mafungu 2 ya sukuma wiki, vitunguu maji 2, punje 4 za kitunguu saumu, pilipili manga kidogo, chumvi yenye madini joto, maziwa nusu lita na maji ya mvua lita 1 na nusu.

Soseji za dukani ni ghali, na zina chumvi nyingi. Tengeneza zako. Saga nyama, au ikatekate kwa kisu kikali mpaka iwe laini kabisa. Changanya na kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga na chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai. Finyanga vipande vya urefu wa kidole. Utumbo wa kufungia si lazima. Nyama ya ng'ombe inafaa, ya mbuzi inafaa. Wanaokula nguruwe wanunue nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi. Nyama ya nguruwe yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele ina watoto wa tegu. Usiinunue hata ikiuzwa rahisi. Na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, wala asichunwe. Kimeta kimewahi kuua watu kwa njia hiyo.

Kaanga soseji zako kwenye sufuria kwa moto wa kiasi. Mafuta ya nyama yatatosha, kama hayatoshi ongeza kijiko kimoja. Pasua kimoja utazame katikati. Pasiwe na wekundu. Zitoe uweke pembeni, kisha kaanga vitunguu katika mafuta yaliyobaki.

Menya viazi, ukate vipande. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu ambayo haimalizwi na moto. Kata sehemu hiyo yote, pamoja na machipukizi. Kikiwa kijani sana kitupe. Tia viazi na maji, funika, chemsha dakika 15 au 20. Ponda vipande vichache kwa mwiko, supu itakuwa nzito bila unga.

Wakati huo osha sukuma wiki, jani moja moja, kabla ya kukata. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, vitamini vinamwagika na maji. Kama bustani imepigwa dawa ya wadudu, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ndipo uchume. Toa mishipa minene ya katikati, kunja majani, kata nyembamba kama uzi. Yatie sufuriani pamoja na soseji. Dakika 5 tu zinatosha.

Mwisho mimina maziwa yaliyokwisha chemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya kutupa mimba, ambayo huwashika watu pia. Onja, ongeza chumvi kama inahitajika, epua. Usitie ndimu kama hotelini, maziwa yatakatika. Maziwa hayo si ya utamu tu. Hata ng'ombe akinywa maji yenye floraidi, maziwa yake huwa na floraidi kidogo sana, na madini yake ya chokaa hujenga mifupa. Maziwa ya mama nayo ni hivyo hivyo. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, asipewe maji wala supu. Akishatimiza miezi 6, mpondee viazi na majani ya supu hii, na nyama iwe laini.

Sasa maji ya mvua yatoke wapi? Mvua haina floraidi ya mlima, kwa kuwa haijapita kwenye mawe. Safisha paa na mfereji. Mvua ya kwanza iache imwagike, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika pipa, na maji yake yachemshwe kabla ya kunywa, kwa ajili ya vijidudu. Maji ya kisima yatumike kufua, kuoga na kuosha sakafu. Maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka 8 na mama wajawazito.

Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Usijichomee mifupa mwenyewe. Isipochomwa kwa joto linalotakiwa, maji yatanuka. Kama kijiji chenu kina chemchemi ambayo haijapimwa, mwenyekiti apeleke ombi kwa wataalamu wa maji wa wilaya, RUWASA. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana.

Mama yule ana pipa la lita 200. Tulihesabu pamoja. Akitumia lita 6 kwa siku, litakwisha kwa siku 33. Kati ya masika na vuli kuna miezi mingi ya ukavu, pipa moja halitoshi. Tenki la lita 5,000, kwa lita 20 kila siku, lingefika siku 250. Tenki ni ghali. Yeye na wenzake 9 wameanza kuchanga kila mwezi, ili wanunue moja baada ya jingine, na wamekubaliana kwamba la kwanza liende kwenye nyumba yenye watoto wadogo wengi. Si kwake. Kwake amebaki na pipa, na yule mdogo wa miaka 2 ndiye anayepikiwa kwa maji hayo.