Jurassic Park: Fundi aliyedhani kompyuta imemmaliza

Ukiangalia Jurassic Park leo, hata kwenye simu, yule T. rex bado anatisha. Filamu hiyo ilitoka 1993, enzi ambazo watu wengi hawakuwahi hata kugusa kompyuta. Waliwezaje?

Sehemu ya jibu ni Mmarekani Phil Tippett, fundi aliyekaribia kukosa kazi.

Tippett alikuwa bingwa wa kuchezesha sanamu ndogo za wanyama. Unaisogeza kidogo, unapiga picha, unaisogeza tena. Sekunde moja tu ya filamu inataka picha 24. Sokwe wa King Kong ya 1933 alichezeshwa hivyo hivyo. Mwongozaji Steven Spielberg alimpa Tippett kazi ya kuwachezesha dinosaria wake, kwa njia hiyo iliyoboreshwa.

Mara mambo yakageuka. Katika kampuni ya Industrial Light & Magic, wataalamu walitengeneza kwa kompyuta mifupa ya T. rex inayotembea, kisha wakaivika ngozi. Spielberg alipoona, akaamua: dinosaria wanaotembea na kukimbia mwili mzima watoke kwenye kompyuta.

Tippett akasema sasa yeye ndiye ametoweka duniani. Spielberg akaipenda kauli hiyo, akaiingiza kwenye filamu.

Lakini Tippett hakuachwa. Kompyuta iliweza kuchora, ila haikujua mnyama mzito anahamishaje uzito akipiga hatua, wala anageuzaje shingo akinusa windo. Hayo yalikuwa mikononi mwa mafundi wa sanamu, ambao nao kompyuta hawakuizoea.

Ikatengenezwa mifupa ya dinosaria ya chuma, yenye vihisio kwenye viungo, ikaunganishwa na kompyuta. Fundi anaisogeza kwa mkono kama zamani, na dinosaria wa kwenye skrini anafuata.

Kingine ambacho wengi hawajui: filamu ina zaidi ya saa 2, lakini dinosaria wanaonekana kama dakika 15 tu, na za kompyuta hazifiki nusu ya hizo. Nyingine ni sanamu kubwa za mitambo za Stan Winston. T. rex wake alikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kwenye tukio la mvua alilowa kama sifongo, akaanza kutetemeka, ikabidi wamkaushe kwa taulo.

Machi 1994 filamu ilishinda Oscar ya picha za kiufundi. Waliopanda jukwaani ni Dennis Muren wa upande wa kompyuta, Winston, Michael Lantieri na Tippett, yule aliyedhani amekwisha. Mwaka uliofuata ikatoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta.

Ukiirudia Jurassic Park, jaribu hili: kichwa cha T. rex kikiwa karibu kabisa na gari, mara nyingi hiyo ni sanamu. Akitembea mwili mzima, hiyo ni kompyuta.