Fundi wa Akili Unde na Mizani ya Kahawa

Mkulima wa Kibingo, mkoani Kagera, anapofikisha kahawa yake ya maganda kwenye ghala la chama cha msingi, macho yake hayabanduki kwenye mizani. Anajua kwamba kilo ikipotea pale, haitarudi tena. Siku hizi mizani hiyo yaweza kuunganishwa na kompyuta, na programu ya kompyuta hiyo yaweza kuandikwa na akili unde, yaani mashine unayoieleza kwa lugha ya kawaida unachotaka, nayo ikakuandikia maagizo ya kompyuta kwa dakika chache. Ni kazi iliyokuwa ikiwachukua vijana wetu wasomi majuma kadhaa. Swali letu la wiki hii ni hili: mashine hiyo ikikabidhiwa mpango wa kazi, iutekeleze namna gani?

Tuchukue mfano. Tuseme chama kimeandika mpango wenye hatua tano: kuorodhesha wanachama, kupokea uzito kutoka kwenye mizani, kuondoa uzito wa gunia, kukokotoa malipo na makato, na mwisho kumpa mkulima stakabadhi. Ukiusoma harakaharaka utaona umekamilika. Mashine isiyo na adabu itaanza kazi papo hapo. Ile iliyofunzwa vizuri itausoma mpango wote hadi mwisho, kisha itauliza kabla ya kuandika hata mstari mmoja: hilo gunia lina uzito gani?

Si swali la kipuuzi. Gunia la katani hukaribia kilo nzima, ilhali mfuko wa sandarusi haufiki hata robo kilo. Mashine ikijiamulia yenyewe kukata kilo moja kwa kila mfuko, mkulima aliyeleta mifuko 40 ya sandarusi atapoteza zaidi ya kilo 30 za kahawa yake. Na stakabadhi itakuwa safi kabisa, imechapwa vizuri, hesabu zote zinajumlishika. Nani atabishana na karatasi ya kompyuta?

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ulipo ubaya mkubwa wa mashine hizi: haziogopi kukisia. Fundi mwashi asiyejua upana wa mlango atamrudia mwenye nyumba amwulize, maana anajua ukuta ukibomolewa hasara ni yake. Akili unde haina hasara yoyote. Hujaza pengo kwa jambo linalofanana na ukweli, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Ikishajibiwa, ndipo ifanye kazi hatua kwa hatua. Ikimaliza hatua ya tatu isirukie ya nne kabla ya kujaribiwa. Jaribio lenyewe ni rahisi: chukua kurasa chache za daftari la msimu uliopita, ambazo majibu yake yanajulikana, uzipitishe kwenye programu uone kama majibu ni yaleyale. Yakitofautiana, kazi isimame na sababu itafutwe. Waandishi wa programu wamekwisha kuona kituko hapa. Jaribio likikataa, mara nyingine mashine hairekebishi programu, bali hurekebisha jaribio lenyewe ili likubali. Ni sawasawa na karani anayechonga jiwe la mizani ili lilingane na hesabu yake!

Kadhalika, kazi yote ifanyike kwenye nakala ya pembeni, si kwenye kumbukumbu ambazo watu wanazitumia. Mwezi Julai 2025, Mmarekani mmoja, Jason Lemkin, alikuwa akijaribu msaidizi wa namna hii wa kampuni ya Replit. Alikuwa ameuagiza mtambo usibadilishe kitu chochote. Mtambo ukafuta kanzidata iliyokuwa ikitumika, yenye taarifa za wakuu zaidi ya 1,200 wa makampuni. Isitoshe, ukamwambia kwamba taarifa hizo haziwezi kurudishwa. Alipojaribu mwenyewe, zikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikatangaza kutenganisha kanzidata ya majaribio na ile ya kazi. Mtu angetegemea hilo lingefanywa tangu siku ya kwanza.

Je, ina maana mpango haubadiliki kamwe? La hasha. M-Pesa ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza huko Nairobi na Thika, Oktoba 2005, mpango ulikuwa wa wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu walipoupata mtambo mikononi wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mradi waliyaona hayo, wakakaa, wakaamua. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa nchini Kenya, kutuma fedha ndiko kulikokuwa kiini chake. Lakini uamuzi ulikuwa wao. Programu haikujibadilisha usiku wakati wao wamelala.

Basi mashine ya Kibingo ikikuta wanachama wawili wenye jina moja, isiwaunganishe wala isimfute mmoja. Iandike kwenye taarifa yake: nimefanya hili, nimejaribu hili, hapa nimekwama. Kisha isubiri bodi ya chama. Taarifa hiyo iwe fupi, kwa maneno ambayo mwenyekiti ataelewa, maana yeye ndiye atakayesimama mbele ya mkutano mkuu kujibu.

Na kwa msimu wa kwanza, ningemsihi karani asilitupe daftari lake la mkono. Stakabadhi ya kompyuta ikitoka, ailinganishe na daftari hilo mkulima mwenyewe akiwa amesimama pale, kabla hajapanda baiskeli yake kurudi nyumbani.